Tredimili baada ya kiharusi: mikono iachie vyuma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno kwa wasomaji wenye ndugu aliyepatwa na kiharusi. Familia nyingi zimesikia kwamba mashine ya kutembelea, ile tredimili, humrudishia mgonjwa mwendo, na nyingine hujinyima ili zinunue moja iwekwe nyumbani. Mashine yenyewe hatuipingi, nasi tunaitumia katika kazi yetu. Kinachotusikitisha ni jinsi inavyotumiwa. Mgonjwa anapandishwa, anakamata vyuma vya pembeni kwa nguvu zake zote, anatembea nusu saa na kushuka. Miezi miwili baadaye pumzi zimeongezeka, lakini akigeuka ghafla bado anapepesuka.

Mkanda wa mashine una manufaa mawili makubwa. Kwanza, unauvuta nyuma mguu uliokanyaga mpaka nyonga inyooke, na nyonga ikinyooka ndipo mguu huo hupata msukumo wa kujirusha mbele. Mgonjwa wa kiharusi anayetembea sakafuni mara nyingi huukatisha mwendo huo: hukanyaga kwa mguu dhaifu na kuuondoa haraka kabla uzito haujaukalia. Pili, idadi ya hatua. Kwa hatua 50 tu kwa dakika, dakika 20 ni hatua 1,000, nazo hazipatikani kirahisi kwa kuzunguka chumbani ukimshika mtu mkono.

Lakini uwezo wa mwili kujishikilia usiyumbe haufunzwi na wingi wa hatua peke yake. Ubongo hujifunza kurekebisha mwili pale mwili unapoelemea upande na kulazimika kujirudisha. Anayekamata chuma ameikabidhi mikono kazi hiyo, nyonga na kifundo cha mguu vikabaki bila la kufanya. Tena mkono mzima hukaza zaidi ya ule dhaifu, kwa hiyo mwili wote hulalia upande usiopooza. Hapo mazoezi yanaizidisha ile kasoro tuliyotaka kuiondoa.

Kuachia vyuma kuna utaratibu wake. Mgonjwa aanze na viganja vilivyofunguliwa, vikae juu ya chuma bila kukikamata. Baadaye abakishe ncha za vidole, kisha kidole kimoja cha mkono mzima, halafu mikono ining'inie. Kila anapopanda ngazi moja, kasi ishushwe kwanza, kisha irudishwe kidogo kidogo. Ukiachisha mikono na kuongeza kasi siku hiyo hiyo, hatua hufupika, magoti hukakamaa na mgonjwa huanza kukodolea miguu yake macho. Na mikono isiachie kabisa kama mgonjwa hajavaa vazi la usalama lililofungwa juu kwenye fremu au darini. Msaidizi kusimama nyuma hakutoshi. Mtu mzima anayeanguka huku mkanda ukizunguka hashikiki.

Vazi hilo pia linaweza kumpunguzia mgonjwa uzito. Anayeanza anaweza kupunguziwa mpaka asilimia 30 au 40 ya uzito wake. Ukizidisha hapo, kisigino huacha kugusa mkanda, naye hutembea kwa vidole kama aliyetundikwa. Punguza msaada huo kadiri goti linavyoweza kubeba bila kukunjika, mpaka ufike sifuri. Hata ukifika sifuri vazi libaki, kamba ikiwa na ulegevu wa kumwacha ayumbe lakini usiozidi kiasi cha goti kugonga mkanda. Kagua ngozi ya mapajani na kwapani baada ya kila zoezi. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi maumivu, na mchubuko hugunduliwa nguo ikishaganda.

Kasi ya kuanzia isikisiwe. Pima mita 10 sakafuni, mgonjwa atembee kwa mwendo wake wa kawaida, nawe uhesabu sekunde. Akitumia sekunde 25, mwendo wake ni mita 0.4 kwa sekunde, karibu kilomita 1.4 kwa saa. Mwanzishie kilomita 1.0. Hapa ndipo mashine nyingi za nyumbani zinapokwama, maana kasi yake ya chini kabisa huwa kilomita 0.8 au 1.0 kwa saa. Anayemaliza mita 10 kwa sekunde 50 anakwenda kilomita 0.72 tu. Mashine hiyo imeshamzidi kabla hajaanza, ndiyo maana ananing'inia kwenye vyuma. Mashine za hospitali huanzia kilomita 0.1 au 0.2.

Wiki za kwanza, vipande vya dakika 3 hadi 5 vyenye mapumziko ya kukaa kitini, mpaka jumla ifike dakika 20 za kutembea, mara 3 hadi 5 kwa wiki, zinatosha. Kasi iongezwe kwa kilomita 0.1 au 0.2 pale tu hatua za miguu yote miwili zinapokaribia kulingana. Sauti husaidia kulijua hilo: ukisikia pa-paa, pa-paa, mguu mmoja bado unakimbia uzito.

Makosa tunayokutana nayo mara nyingi yana sababu zinazojulikana. Ncha ya kiatu ikiburuta, huenda kifundo hakiinuki; mgonjwa avae kifaa cha kushikilia kifundo wala asiambiwe tu "inua mguu", kwa sababu atainua nyonga na kuuzungusha mguu kwa nje. Goti likirudi nyuma kwa kishindo kila anapokanyaga, punguza kasi au ongeza msaada wa vazi. Likiachwa hivyo, litaanza kuuma. Aliyepoteza uangalizi wa upande wa kushoto, yaani ambaye ubongo wake hautambui tena vilivyo upande huo, husogea taratibu kuelekea ukingo bila kujua, basi msaidizi akae upande huo na kioo kiwekwe mbele. Na tafadhali, mkono uliopooza usifungwe kwenye chuma kwa bendeji. Mgonjwa akijikwaa, uzito wote unavuta bega ambalo misuli yake haifanyi kazi, na bega hilo huteguka kwa urahisi. Utegemezwe kwa kitambaa cha kuning'iniza mkono, au msaidizi aubebe.

Mwendo ukishatulia na mikono imeachia, ndipo mazoezi ya kutoyumba yanapoanza hasa. Mgonjwa ageuze kichwa kulia na kushoto huku akitembea. Ahesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa kuruka tatu tatu. Atembee kiubavu kwa kasi ya kilomita 0.3 hadi 0.5, kila upande kwa zamu, kisha kinyumenyume. Yote haya akiwa ndani ya vazi, mbele ya mtaalamu. Nyumbani bila vazi, tunasema wazi, yasijaribiwe.

Halafu sakafu. Kwenye mashine mtu haanzi mwendo mwenyewe, hageuki, hakwepi kitu, na vitu anavyoviona mbele yake havimsogelei. Hayo yote yanamngoja akishuka. Kwa sababu hiyo dakika 20 za mashine zifuatwe na dakika zisizopungua hizo chini: kuinuka kitini bila mikono, kuanza na kusimama kwa amri, kugeukia upande dhaifu, kuvuka kamba iliyolazwa chini, kuokota kitu. Kati ya mashine na sakafu mgonjwa asimame ameshika chuma dakika moja au mbili, maana mkanda ukisimama wengi huhisi ardhi bado inakwenda, na hapo ndipo huanguka.

Ushahidi wa utafiti unaelekea huko huko. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa LEAPS wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 408. Mazoezi ya tredimili yenye vazi la kupunguza uzito hayakuyashinda mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba yaliyofanywa nyumbani chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Miongoni mwa waliokuwa na ulemavu mkubwa wa mwendo, walioanza tredimili mapema ndio walioanguka mara nyingi zaidi. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, nayo yalikuta kwamba tredimili huongeza kasi na umbali kwa kiasi kidogo, hasa kwa wale ambao tayari wanatembea. Kwa asiyeweza kutembea mwenyewe haikuonekana kumpa nafasi kubwa zaidi ya kufika huko kuliko mazoezi mengine. Asiyekuwa na mashine, kwa hiyo, hajapoteza tiba.

Maendeleo yapimwe kwa kipimo cha Berg cha uwezo wa kutoyumba, chenye majaribio 14 na alama 56 kwa jumla, kila baada ya wiki nne. Aliye chini ya 45 bado yuko katika hatari ya kuanguka, hata kama mashine inaonyesha kilomita za kupendeza.

Sisi hatumpandishi mtu ambaye shinikizo lake la damu akiwa ametulia limezidi 180 kwa 110. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo asipimwe bidii yake kwa mapigo, kwani dawa inayaficha. Bidii inatosha ikiwa bado anaweza kuongea sentensi nzima. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, ulimi kuwa mzito au udhaifu mpya ni sababu ya kusimamisha mkanda na kwenda hospitali papo hapo.

Kwa aliyekwisha kuamua kununua, aulize mambo manne kabla ya kulipa: kasi ya chini kabisa ni ipi, vyuma vya pembeni vinafika mpaka nyuma ya mkanda au vinaishia katikati, kitufe cha kusimamisha kinafikiwa na mkono mzima wa mgonjwa, na ile kamba ya usalama inayobanwa kwenye nguo inazima mashine kweli ikivutwa. Hilo la mwisho lijaribiwe pale pale dukani, mashine ikiwa inazunguka bila mtu juu yake.

Ni sisi,
Wataalamu wa fiziotherapia ya wagonjwa wa kiharusi