Mshike mkono mtoto anayetazama samaki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi wanaojiandaa kwenda likizo kwenye bahari za joto pamoja na watoto wadogo. Miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, ambao wengi huuita snokeli, siku hizi huuzwa pamoja na vindoo vya kuchezea mchanga, kana kwamba navyo ni vya kuchezea. Sisi tunaofundisha watoto kuogelea tunatamani kila mtoto ayaone matumbawe kwa macho yake. Lakini lipo jambo ambalo mzazi hana budi kulielewa kabla hajalowanisha hata kidole.

Mtoto anayezama hapigi kelele, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia. Siku ya kawaida, ukiona mtoto kalala kifudifudi juu ya maji hajitikisi, utaruka mbio. Ukishampa miwani na mrija, kulala kifudifudi bila kujitikisa ndio mchezo wenyewe. Aliyekaa mchangani hawezi kutofautisha mtoto anayetazama samaki na mtoto aliyepoteza fahamu. Kwa hiyo jicho halitoshi, hata likiwa makini kiasi gani. Anatakiwa mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, amemshika mkono au mkanda wa jaketi lake la kuelea, na kila baada ya nusu dakika ambinye kiganja mara mbili. Mtoto naye ajibu kwa kubinya mara mbili. Asipojibu, mwinue uso papo hapo, maswali baadaye.

Tuje kwenye vifaa. Miwani ichaguliwe kwa uso wa mtoto mwenyewe, si kwa umri ulioandikwa kwenye boksi. Mwekee usoni bila kupitisha mkanda kichwani, avute hewa kidogo kwa pua, kisha iachie. Ikiganda sekunde tatu au nne, inamfaa. Ikianguka, itavuja hata ukaze mkanda namna gani. Na kukaza huko ndiko kosa tunaloliona zaidi: maji yakiingia, mzazi anavuta mkanda, silikoni inajikunja, mwanya unazidi. Angalia nywele kwanza. Unywele mmoja uliopita chini ya ukingo wa silikoni unatosha kuingiza maji tone kwa tone hadi yafike puani, na mtoto akishayavuta puani mara moja, siku hiyo hataki tena. Mkanda ukae nyuma ya kichwa pale palipochomoza, usishuke shingoni. Krimu ya kukinga jua isipakwe pale ukingo unapogusa ngozi, maana huteleza na huwasha macho. Halafu watoto hucheka wakiona samaki, na mikunjo ya mashavu hufungua njia ya maji. Mfundishe mapema kwamba maji kidogo chini ya pua si hatari: asimame, avute ukingo wa chini, yamwagike.

Kioo kipya huwa na utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Usugue kwa kidole na dawa nyeupe ya meno, suuza, rudia mara mbili au tatu. Ufukweni, tone la shampuu ya watoto au mate yanatosha. Paka ndani, suuza kidogo, vaa.

Mrija ndio unaodharauliwa. Hewa anayoitoa mtoto hubaki ndani yake, na ndiyo anayoivuta kwanza pumzi inayofuata. Kifua kidogo huvuta hewa kidogo, hivyo akipewa mrija wa mtu mzima, mpana na mrefu, sehemu kubwa ya kila pumzi inakuwa hewa iliyokwisha kutumika. Ataanza kuhema, kichwa kitamuuma, naye hatajua kueleza kwa nini. Tafuta mwembamba na mfupi uliotengenezewa watoto, wenye mdomo mdogo. Tena mchungulie kinywani: mtoto wa miaka sita au saba aliyeng'oka meno ya mbele, au mwenye meno yanayolegea, huenda asiweze kuung'ata mrija sawasawa, akawa anaushikilia kwa midomo tu hadi taya lichoke. Zile barakoa zinazofunika uso mzima hatumshauri mzazi ampe mtoto mdogo. Mrija wa kawaida ukiingia maji anautema. Barakoa iliyofungwa kisogoni haitemeki.

Vifuko vya kupuliza vya kuvaa mikononi na maboya ya kupuliza si vifaa vya usalama. Hutoboka, huchomoka, na upepo unaotoka nchi kavu huyasukuma kuelekea kilindini haraka kuliko mzazi anavyoweza kuogelea. Jaketi la sponji lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ni bora. Ukimnyanyua kwa mabega ya jaketi, lisipande hadi masikioni. Yale ya boti yenye kola kubwa yametengenezwa kumgeuza mtu uso juu, kwa hiyo yatapigana na mtoto anayetaka kutazama chini. Kwa aliye mdogo zaidi, ubao wa sponji ni raha sana: analalia kifua, anashika kingo, anachungulia kwa miwani, nawe umeushika ubao na yeye.

Mapezi ya miguuni yaache. Humzuia kusimama, na kusimama ndiyo njia yake ya kwanza ya kujiokoa. Mvalishe viatu vya mpira vya majini. Nguo ya kuogelea iwe ya rangi kali kama chungwa au waridi, kwa sababu buluu na kijani hafifu hupotea majini.

Mtoto wa miaka minne au mitano hahitaji mrija kabisa. Anaingiza uso, anatazama sekunde tano, anainua kichwa, anakusimulia alichokiona. Wengi huuweza mrija wakifika miaka sita au saba, ila umri si kipimo. Kipimo ni kama anaweza kuelea kifudifudi kisha kugeuka chali bila kushikwa. Mazoezi yaanze nchi kavu: avae miwani, apumue kwa mdomo tu, azunguke hivyo dakika tano. Kisha mrija, bado nchi kavu. Kisha uso kwenye beseni au bwawa la kina cha kiuno chake. Akizoea, mwagie maji kidogo ndani ya mrija akiwa amesimama, ajifunze kuyafukuza kwa kupuliza “tuu!” kwa nguvu. La mwisho ni kuutema mrija, kugeuka chali na kukuita. Asipoliweza hilo bwawani, baharini hataliweza.

Sasa bahari yenyewe. Maji hayajai wala hayapwi kwa mwendo mmoja. Ukigawa mafungu 12 tofauti yote ya kina kati ya maji kupwa na kujaa, mwendo wa takriban saa sita, katika saa ya kwanza hupita fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Saa ya tatu na ya nne basi ndizo zenye mkondo mkali. Ingieni karibu saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, mtoke yakianza kupwa. Yakipwa, maji yaliyo nyuma ya mwamba wa matumbawe hutafuta mlango wa kutokea, na mlangoni hapo huvuta kama mto. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, nguvu hiyo huzidi; siku za maji mafu, zilizo katikati ya bamvua moja na nyingine, ndizo za watoto. Ila kama maji yakijaa mawimbi yanauruka mwamba na kuingia ndani, tafuteni pengine.

Keti robo saa utazame kabla ya kuingia. Ukanda wa maji meusi na tulivu katikati ya mawimbi yanayovunjika, wenye povu au majani yanayoelekea nje, si njia nzuri ya kuingilia: huo ndio mkondo unaorudi baharini. Ukiwachukua, usipambane nao. Mlaze mtoto chali juu yako, eleeni, inua mkono kuomba msaada, na ukiweza ogelea sambamba na ufukwe hadi uutoke. Ingilieni penye mchanga, msivuke kina cha kifua chako, na mwanzoni mwende kinyume cha mkondo mdogo wa kando ili kurudi kuwe rahisi.

Majini vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja na karibu kuliko vilivyo, kwa hiyo mtoto atanyoosha mkono tu. Sheria iwe moja: tunatazama, hatugusi. Konokono mwenye gamba zuri lenye umbo la koni anaweza kuwa na sumu ya kuua. Tumbawe likikanyagwa hukatika, na kidonda linachokuachia huoza upesi. Mchangani buruteni miguu ili taa, samaki bapa wenye mwiba mkiani, wasikie na kuondoka.

Maji yenye nyuzi 28 yanaonekana ya moto, lakini maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 kuliko hewa, na mwili mdogo hupoa haraka. Dakika 20 zinatosha. Kidevu kikianza kutetemeka, mdomo wa mrija hulegea na maji huingia; usingoje kifike hapo.

Akichomwa na konyeza, yule mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, ambaye wengine humwita yavuyavu, mtoe majini, usisugue, usimwagie maji yasiyo ya chumvi. Suuza kwa maji ya bahari, uondoe nyuzi zake kwa kibano. Kwa mwiba wa taa au wa nungu wa bahari, maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 hupunguza maumivu. Yajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kwani aliye na maumivu makali hasikii kwamba anaungua.

Akitolewa majini hapumui, apewe pumzi tano kwanza, ndipo kifua kibonyezwe mara 30, pumzi mbili, mara 30 tena, huku mwingine akipiga simu. Na aliyekunywa maji mengi kisha akazinduka asirudishwe kucheza. Kikohozi kisichoisha, kuhema haraka, kutapika au usingizi usio wa kawaida siku hiyo ni sababu ya kumpeleka hospitali usiku huohuo, bila kusubiri asubuhi.

Wenu,
Walimu wa kuogelea