Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani: hata sakafu ya duka la ndururu ni historia

Mheshimiwa Waziri,

Kwetu Kenya, waziri wa mambo ya ndani ndiye mwenye polisi na vitambulisho. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huku mwenye cheo hicho husimamia mbuga za taifa, ardhi ya umma na orodha ya majengo ya kihistoria. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Nimetumia Kiswahili ili mafundi wenzangu waisome kwanza. Wa kukufasiria hakosekani.

Mimi ni fundi wa sakafu. Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya kung'oa zulia katika jengo lililokuwa duka la senti tano na kumi, yale ambayo wazee wetu wangeyaita maduka ya ndururu. Chini ya zulia tulikuta teraso, na kwenye teraso safu ya viraka vya saruji, duara baada ya duara, vimeachana kwa nafasi ile ile. Hapo ndipo zilipofungwa stuli za kaunta ya chakula. Msimamizi akaagiza tusawazishe, tufunike. Tukafunika. Nje, mafundi wengine walikuwa wakisugua kwa mswaki nakshi moja ya ua, ya terakota, yaani udongo wa kuchomwa.

Sina ugomvi na nakshi ile. Maduka hayo yalijengwa ili yatazamwe. Zamani, katika maduka mengi, mnunuzi alisimama mbele ya kaunta akaomba, muuzaji akamfuatia kitu rafuni, kama tunavyonunua mtaani kupitia wavu wa chuma. Frank Woolworth, alipofungua duka lake la Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1879, alitandaza bidhaa mezani kwa senti tano, watu wakashika wenyewe. Mali ikishajieleza hivyo, kazi ya kumvuta mteja inabaki kwa jengo: madirisha mapana, na ule mkanda mwekundu wenye herufi za dhahabu. Mwaka 1913 alimaliza jengo lake la New York, mita 241, ghorofa refu kuliko yote duniani wakati huo, akalilipia taslimu. Ndururu kwa ndururu.

Samuel Kress, mwenye maduka mengine ya aina hiyo, alikuwa na wasanifu wake mwenyewe. Edward Sibbert, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1929, alisanifu maduka zaidi ya 50: matofali ya rangi ya malai, nakshi za terakota, jina la Kress limekaa juu kama taji. Lile la El Paso, la 1938, lina madoido ya Kihispania. Kwa maoni yangu, hakuna mfanyabiashara aliyeipa barabara kuu ya mji heshima kama yeye.

Sasa tuingie ndani. Duka zima lilikuwa ukumbi mmoja usio na kuta. Huko kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi, mteja mweusi alinunua sabuni, uzi, daftari, na hela yake ikapokelewa bila neno. Hatua chache mbele, kwenye kaunta ya chakula, hakuruhusiwa kuketi. Mpaka wenyewe ulikuwa stuli. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi wa chuo cha North Carolina A&T walinunua vitu vidogo, dawa ya meno ikiwemo, katika duka la Woolworth la Greensboro, wakaketi kwenye kaunta, wakaagiza kahawa. Wakanyimwa. Walirudi kesho yake wakiwa wengi zaidi, na Julai kaunta ikafunguliwa kwa wote.

Greensboro ilibahatika; jengo ni makumbusho tangu 2010. Ile Woolworth ya Jackson, Mississippi, ambako mwaka 1963 waliokaa walimwagiwa haradali na sukari, ilibomolewa. Na huko Montgomery, Alabama, waliokarabati jengo la Kress walikuta mabamba ya marumaru yenye maneno ya kutenga watu kwa rangi. Hawakuyatupa, waliyaweka yaonekane.

Mheshimiwa, mwenye jengo la biashara la kihistoria hupata punguzo la kodi la asilimia 20 ya gharama za ukarabati, mradi kazi ifuate kanuni zinazotolewa kwa jina la cheo chako. Kanuni hizo zinagusa ndani pia. Lakini fundi akiambiwa "hifadhi sura ya jengo", hutazama juu, hatazami chini. Naomba mwongozo wa maduka haya uitaje waziwazi kaunta ya chakula, mabomba ya maji ya kunywa, milango ya pembeni na alama za sakafuni. Vipimwe na kupigwa picha kabla hata zulia halijang'olewa lote. Palipobaki matundu ya stuli, yasizibwe. Siombi kaunta mpya za kuigiza za zamani. Hizo ni mapambo ya mgahawa.

Lile jengo letu sasa ni ofisi. Nikipita huchungulia dirishani. Kwa hesabu yangu, stuli ya tatu kutoka mlangoni iko chini ya meza ya mapokezi.

Wako,
Fundi wa sakafu,
North Carolina