Mzee anayetaka kutembea ng'ambo aiandae safari yake mwenyewe

Mhariri,

Hapa Malindi tumezoea kuwaona wazee wa Kiitaliano, wake kwa waume, wakizunguka mji bila kiongozi, wakipatana bei na wenye tuktuk na kujichagulia pa kulala. Wengi wetu tumewahudumia hotelini kwa miaka mingi, tumejifunza lugha yao, na kila wanapoondoka hutualika kwao. Hata hivyo, mzee wa hapa akisema amestaafu na angependa kuiona Roma au Napoli kwa fedha zake, watoto humjibu kwamba safari za umri wake ni Hija na Umra, tena ndani ya kundi. Sipingi hata kidogo safari ya ibada wala faida ya kundi. Ninachoshikilia ni kwamba mtu wa miaka 65 au 70 mwenye akili timamu anaweza kutembea ng'ambo peke yake au na mwenziwe, kwa sharti kwamba matayarisho ayashike mwenyewe, asimwachie mtoto wala wakala.

Nasema hivyo kwa sababu ya mambo ninayoyaona kila mara. Mzee huenda saiba (duka la intaneti), kijana akamfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea pasipoti, kwa nambari ya simu ya kijana mwenyewe, akambunia neno la siri, na mzee akarudi nyumbani na risiti tu. Pasipoti inapohitaji kufanywa upya, yule kijana amehama na laini amebadilisha. Nambari iwe ya mwenye pasipoti, na neno la siri liwe katika daftari lake.

Kwa anayekwenda Italia au nchi nyingine ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pasipoti sharti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai kwa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka huko. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisicheleweshwe hadi zikabaki chini ya siku 15. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na ada ya yuro 90 hairudishwi ukinyimwa. Kwa kuwa anayeomba mara ya kwanza hutoa alama za vidole yeye mwenyewe, safari ya Nairobi haiepukiki.

Nashauri safari hiyo ya Nairobi ndiyo iwe jaribio. Mzee aikate tiketi ya treni ya SGR kwa simu yake, ashike matatu hadi Mombasa, apande treni Miritini akiwa na begi lile lile atakalokwenda nalo Ulaya, na jijini ajitafutie chumba. Begi likimshinda kwenye ngazi, alipunguze sasa, kwa maana katika stesheni za Italia hatamkuta mchukuzi akimngoja. Huko nako kuna taratibu zake: tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, na asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama ameilipia.

Dawa ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Jirani yangu, mama mwenye sukari na presha, alikaa juu ya mkeka na mkasi akikata pakiti za vidonge ili zienee kwenye kikopo kimoja, na kila alipokata, jina la dawa na tarehe ya kuharibika vilibaki kwenye vipande vya kutupwa. Nilimsihi aache. Dawa zibaki katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari inayotaja majina ya kitaalamu, kwa kuwa jina la kibiashara tunalolijua hapa huenda lisijulikane na mfamasia wa huko. Zote ziingie katika mkoba wa mkononi, na insulini hasa isiwekwe kamwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwa sababu inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Kikomo cha mililita 100 cha vimiminika katika mkoba wa mkononi hakiwafungi wanaobeba dawa wanazozihitaji njiani, mradi wawaonyeshe wakaguzi.

Safari ya ndege inayozidi saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, basi mzee na asimame, atembee kidogo na anywe maji, na mwenye historia ya tatizo hilo amwone daktari mapema. Anayechoka upesi aombe kiti cha magurudumu. Wazee wetu huona haya kuomba, ilhali sheria ya Ulaya inataka msaada huo utolewe bure katika viwanja vya ndege vya huko, ikiwa shirika la ndege limearifiwa angalau saa 48 kabla.

Bima ya viza ya Schengen sharti ifikie yuro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha msafiri nyumbani, awe mgonjwa au maiti. Maradhi yote yatajwe kwenye fomu. Anayeificha presha ili alipe kidogo huipa kampuni sababu ya kukataa kumlipia siku atakapolazwa.

Watoto nao wana kazi yao, nayo ni kubaki na nakala ya pasipoti, bima na ratiba, na kukubaliana na mzazi saa ya kupigiana simu. Italia iko nyuma yetu kwa saa 2, au saa 1 wakati wa majira yao ya joto. Nambari ya dharura huko ni 112.

Tofauti hiyo ya saa ni ndogo, lakini wapo wanaofikiria kwenda mbali zaidi, na miongoni mwao ni watu wanaotumia insulini. Naomba gazeti lako, Mhariri, limtafute daktari atueleze katika ukurasa wa afya jinsi mgonjwa wa sukari anavyopaswa kupanga sindano na milo yake anapovuka majira kadhaa ya saa kwa siku moja.

Mwalimu mstaafu,
Malindi