Msongo wa mawazo kazini: tuanzie kwenye ratiba ya zamu, si kwenye semina

Mhariri,

Kila mwaka unapokaribia kwisha, makampuni mengi kuanzia Kampala na Namanve hadi hapa Jinja huwakusanya wafanyakazi hotelini, huwaletea mzungumzaji mwenye sauti kubwa, fulana na soda, na jioni ripoti huandikwa kwamba suala la msongo wa mawazo limeshughulikiwa. Jumatatu yake zamu ni zile zile, tageti ni ile ile, na simu ya bosi inalia saa nne usiku. Huko ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Tunaandika kwa sababu jambo hili linapimika na linarekebishika, na sehemu kubwa ya dawa yake iko kwa anayepanga ratiba kuliko kwa anayeitumikia.

Kwanza tusichanganye mambo. Malori yakijaa mpakani Malaba na wakala wa forodha akawa na mafaili thelathini ya kumaliza kabla ya jioni, moyo utamwenda mbio, adrenalini itapanda, mikono itafanya haraka, na usiku atalala. Hiyo ni kazi tu, na haimdhuru mtu. Ubaya huanza pale mwili unapokosa nafasi ya kushuka. Homoni ya kotisoli kwa kawaida huwa juu asubuhi na hupungua kuelekea usiku; shinikizo la kazi lisilokatika huuvuruga mpangilio huo. Ndipo mtu anaamka saa tisa usiku akihesabu kazi za kesho, anasahau jina la mteja anayemhudumia kila siku, na keshia ambaye hesabu zake zilikuwa zikifunga bila tatizo anaanza kupata upungufu mara mbili kwa wiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchakazwa na kazi kuwa na alama tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba hufanyi tena jambo la maana. Shirika hilo liliiita jambo la kazini, halikuiita ugonjwa. Kama ni jambo la kazini, uchunguzi nao uanzie kazini.

Kwetu dalili hizo zina majina mengine. Kichwa kikiuma ni malaria, tumbo likiwaka ni vidonda vya tumbo. Mtu ananunua dawa ya malaria bila kupima, kichwa kisipopona anaongeza dawa ya maumivu, diklofenaki, na diklofenaki ikitumiwa siku nyingi huchubua tumbo. Alianza na kichwa cha uchovu, sasa ana kidonda cha kweli. Utaratibu ulio salama ni huu: pima malaria kwa kipimo cha haraka, pima presha ya damu ukiwa umekaa kimya dakika tano, mara mbili, si kwa kukimbilia kitini ukitokea kwenye boda boda, pima sukari. Vyote vikiwa sawa, na maumivu yakapungua siku za mapumziko kisha yakarudi jioni ya kuamkia kazini, chunguzeni kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa geti moja la kiwanda, kwa kuwa hapo hesabu haimfichi mtu. Geti hulindwa saa 24 kwa siku 7, yaani saa 168 kwa wiki. Wakiwekwa askari wawili wa kupokezana saa 12, kila mmoja anafanya saa 84, bila siku ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Kwa wafanyakazi wa zamu inaruhusu kuzidi hapo, mradi wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku au saa 56 kwa wiki. Sheria hiyo hiyo inampa mtu saa 24 mfululizo za mapumziko baada ya siku sita za kazi. Ukiweka askari watatu, 168 gawanya kwa 3 ni 56 kamili: umegusa dari, na siku mmoja akiugua tu umeshavunja sheria. Ukitoa likizo ya mwaka, ambayo ni siku 7 kwa kila miezi minne ya utumishi, geti moja linahitaji watu wanne. Mwenye kampuni anayelipa wawili hajaokoa mishahara miwili. Ameikopa kutoka kwenye usingizi wa hao wawili, na siku askari atakapokutwa amelala kwenye kiti ataandikiwa barua ya uzembe, wakati ratiba iliyomlaza haimpati mtu wa kuihoji. Hapo hatujahesabu foleni ya kutoka Mukono au Wakiso, ambayo humla mtu saa mbili au tatu kila siku.

Saa nyingi hazileti uchovu peke yake. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Basi atakayepanga zamu azungushe kwa kwenda mbele, asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kwani mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahishwa. Usiku mfululizo usizidi tatu pale inapowezekana, na kati ya zamu na zamu zipite angalau saa 11. Ratiba itoke wiki mbili kabla. Ratiba inayobandikwa ukutani Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu humnyima mtu hata nafasi ya kupanga nani atamchukua mtoto shuleni, na kero ndogo kama hiyo huchosha kuliko gunia la sukari.

Ofisini hakuna geti la kuhesabia, kwa hiyo tunashauri daftari la siku kumi za kazi. Mistari minne tu: saa, kazi, aliyeituma, kilichoikatiza. Baada ya wiki mbili zijumlishwe. Mara nyingi hugundulika kwamba kazi si nyingi kupita kiasi. Muda unaliwa na kukatizwa na kusubiri. Mtunza stoo anangoja saini ya meneja aliyesafiri, fundi wa mashine anamngoja mtunza stoo, na wote wawili wanalaumiwa kwa kuchelewa. Mtafiti Robert Karasek alilieleza hili mwaka 1979: kinachoumiza zaidi ni madai makubwa ya kazi yanapokutana na mamlaka madogo ya kuamua. Hapo dawa si kuajiri. Mpe mtunza stoo kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha mwenyewe, tuseme shilingi 200,000, na meneja akague orodha kila Ijumaa. Zoezi hili lina mtego wake: bosi akiligeuza kuwa fimbo ya kuwasaka wavivu, daftari la pili litajaa uongo. Kwa hiyo lisiandikwe majina, likusanywe na mtu asiye msimamizi wa idara hiyo, na idara yenye watu chini ya watano ichanganywe na nyingine ili mtu asitambulike kwa mwandiko wake.

Simu nayo. Kundi la WhatsApp la kazini limewarudisha watu ofisini wakiwa kitandani. Hamna haja ya kulivunja. Liwekeeni mipaka iliyoandikwa: ujumbe wa baada ya saa moja jioni husubiri asubuhi, dharura hupigiwa simu, na simu hiyo anapigiwa mtu mmoja aliye kwenye zamu ya dharura wiki hiyo, jina lake likiwa limebandikwa. Utaratibu huu huvunjwa na meneja mwenyewe, usiku wa kwanza kabisa, kwa ujumbe unaoanza na "samahani kwa kuwasumbua".

Msimamizi anayemwona mtu wake amebadilika amwite faragha, dakika ishirini, aulize kuhusu kazi asiulize kuhusu ugonjwa. "Una nini siku hizi?" humfanya mtu ajibu "niko sawa, bosi." Swali linalofungua mdomo ni kama hili: "Katika kazi zako za wiki hii, ipi ikiondolewa utapumua?" Waandike badiliko moja, na tarehe ya kulipitia baada ya wiki mbili. Yakiwa mabadiliko saba halitatekelezwa hata moja. Na maneno hayo yabaki chumbani. Watu hunyamaza kwa sababu wanajua yaliyosemwa asubuhi yatakuwa kantini saa saba, na kuna ofisi ambazo "mpelekeni Butabika", yaani hospitali ya wagonjwa wa akili, bado ni utani wa kuchekesha watu.

Kuna mzigo ambao mwajiri hauoni kwenye ratiba: mkopo wa mshahara. Ambaye nusu ya mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia hawezi kukataa ovataimu hata akiwa mgonjwa. Mwajiri anayetia saini fomu hizo za benki aulize kwanza kitakachobaki mkononi.

Kwa mfanyakazi mwenyewe, kuvuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne na kuitoa kwa kuhesabu hadi sita, kwa dakika tano, hushusha mapigo ya moyo. Haipunguzi mafaili mezani, tuseme ukweli. Kafeini hubaki mwilini muda mrefu: baada ya saa tano hivi karibu nusu yake bado imo, kwa hiyo kinywaji cha kuongeza nguvu cha saa kumi na mbili jioni kinakunyima usingizi. Waragi, pombe kali ya kwetu, hukulaza haraka, kisha huukata usingizi katikati ya usiku, na asubuhi unahitaji kafeini zaidi. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, kushindwa kula, au wazo la kutaka kufa si mambo ya kungoja kikao cha mwisho wa mwezi: hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na mtu mwenye wazo la kujidhuru asiachwe peke yake njiani.

Pale mwajiri atakapokataa kusikia, mlango upo kwa afisa wa kazi wa wilaya. Usiende na malalamiko ya mdomo tu. Beba picha za ratiba za wiki tatu mfululizo, kwani wastani wa sheria huhesabiwa kwa wiki tatu, pamoja na mkataba, hati za mshahara za kipindi hicho, na jumla ya saa zako ulizoziandika siku kwa siku. Onyesha ovataimu iliyolipwa na isiyolipwa. Kiwango chake ni mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku za sikukuu za taifa. Kumfukuza mtu kwa sababu amepeleka malalamiko hayo, sheria haikubali kuwa ni sababu halali, hivyo baki na nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Wahudumu wa afya kazini na wasimamizi wa zamu,
Jinja