Inhela isitoke dirishani kabla mgonjwa hajaonyesha anavyoivuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mgonjwa wa pumu huandikiwa inhela, kile kifaa kidogo cha kuvutia dawa kwa mdomo, akapita dirisha la dawa, akakabidhiwa boksi lililoandikwa "mipulizo 2 mara 2 kwa siku", akaenda zake. Hakuna aliyemwona akiivuta. Wiki chache baadaye amerudi kifua kimembana, na anaongezewa vidonge kwa kudhaniwa kuwa inhela haimfai. Mara nyingi dawa haina kosa lolote, ila haikufika kwenye mapafu.

Makosa yenyewe yanajulikana. La kwanza ni kubonyeza kisha ndipo kuvuta: dawa hugonga ulimi na koo, ikamezwa. La pili ni kuvuta kwa pupa, ilhali inhela ya gesi hutaka mvuto wa polepole wa sekunde 4 hadi 5 (zile za unga ndizo zinazotaka mvuto wa nguvu, tusizichanganye). La tatu ni kubonyeza mara mbili katika pumzi moja. Inavyotakiwa, mgonjwa aketi wima, aitikise inhela, atoe pumzi yote nje bila kuipulizia inhela, aibane kwa midomo, aanze kuvuta kwa mdomo na papo hapo abonyeze mara moja, aendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha azuie pumzi kwa hesabu ya kumi. Mpulizo wa pili usubiri nusu dakika hadi dakika moja, na inhela itikiswe tena.

Watoto na wazee wengi hawawezi kulinganisha kidole na pumzi. Hao wanahitaji spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Isipopatikana dukani, chupa ya maji ya plastiki ya ml 500 inafaa, na utafiti uliofanyika Cape Town miaka ya 1990 ulionyesha kuwa inafanya kazi vizuri kwa watoto. Osha chupa kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuisuuza wala kuifuta ndani. Plastiki iliyofutwa kwa kitambaa huvutia dawa ikang'ang'ania ukutani. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, uupashe moto, utoboe kitako cha chupa. Tundu liibane inhela kabisa. Likipwaya, ziba kwa gundi au plasta. Mtoto huweka shingo ya chupa mdomoni, mzazi hubonyeza mara moja, mtoto hupumua kwa utulivu mara 4 hadi 6. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji spesa yenye barakoa.

Jambo la pili ni kuzijua inhela zenyewe. Salbutamol, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, hufungua mirija ya hewa kwa saa 4 hadi 6 lakini haigusi uvimbe ulio ndani yake. Beclometasone, mara nyingi ya kahawia, ndiyo hupunguza uvimbe, na huchukua siku hadi wiki kadhaa. Kwa kuwa haileti nafuu ya papo hapo, wagonjwa huiona haina kazi wakaiacha. (Rangi hutofautiana kwa viwanda, kwa hiyo fundisheni kusoma jina.) Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kupambana na pumu, hautaki mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamol peke yake. Baada ya beclometasone mgonjwa asukutue na kuyatema maji, la sivyo utando mweupe wa fangasi huota mdomoni.

Kuna hofu ya mtaani kwamba inhela "inazoesha" au ni dawa ya waliofikia pabaya, na ndiyo inayowapeleka watu kwenye vidonge vya salbutamol. Tufanye hesabu. Mpulizo mmoja una mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, sawa na mipulizo 40, tena hupitia tumboni na damuni kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hupiga mbio.

Kifua kikibana ghafla, mgonjwa asilazwe. Aketi, apewe salbutamol mipulizo 4 kwa spesa, mmoja mmoja, kila mpulizo na pumzi 4. Asubiri dakika 4. Hakuna nafuu? Arudie, na safari ya hospitali ianze huku akiendelea kuvuta. Anayeshindwa kumaliza sentensi, au ambaye midomo imegeuka rangi, au mbavu zinaingia ndani, asisubiri kitu.

Kwamba udi, moshi wa kuni, koili za mbu na vumbi huchochea pumu, wagonjwa wengi wanajua. Wasichojua ni lini inhela imekwisha. Wengine huielesha kwenye maji. Kipimo hicho ni cha uongo na huweza kuharibu vali. Inhela ya mipulizo 200 ikitumika mipulizo 4 kwa siku huisha siku ya 50, hata kama bado inatoa gesi. Andikeni tarehe hiyo kwenye boksi. Na anayemaliza salbutamol 3 au zaidi kwa mwaka pumu yake haijadhibitiwa. Arudishwe kwa daktari, asiuziwe ya nne kimyakimya.

Ninachoomba kwa waganga wafawidhi na wenye maduka ya dawa ni inhela moja tupu ya kufundishia kila dirisha, na dakika 5. Mgonjwa aivute mbele ya mtoa dawa, arekebishwe, arudie, na afanye hivyo kila anapokuja, maana ustadi huu hupotea. Na beclometasone ikikosekana ghalani, aambiwe wazi na aelekezwe inakopatikana, badala ya kufungiwa vidonge kwenye bahasha ileile.

Mfamasia,
Tanga