Risala kwa Mgeni Rasmi: Chakula, Mwanga na Maji kwa Macho ya Watoto

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wapendwa,

Karibu sana katika Siku ya Afya ya Macho ya shule yetu. Sisi wahudumu wa lishe na afya ya macho tumepewa nafasi ya kusoma risala hii mbele yako, na muda wote tuliopewa tutautumia kwa jambo moja: yale ambayo chakula, mwanga wa mchana na maji safi vinaweza kuyafanyia macho ya mtoto, na yale ambayo haviwezi.

Mgeni rasmi, tunaanza na vitamini A, kwa kuwa ukosefu wake ndio unaoongoza duniani miongoni mwa visababishi vya upofu wa watoto unaozuilika. Ndani ya retina, nyuma ya jicho, zimo seli za kuonea gizani. Seli hizo hutumia vitamini A kutengeneza rangi iitwayo rodopsini. Mwanga ukiipiga, rangi hiyo huvunjika, na lazima iundwe upya. Vitamini ikipungua mwilini, uundaji huo huchelewa na mtoto huanza kushindwa kuona jua linapozama. Mchana anakimbia na wenzake; magharibi ikiingia anakaa kimya pale pale alipo, anapapasa akitafuta sahani, anajikwaa kwenye kizingiti anachokipita kila siku. Wazazi wengi hudhani anaogopa giza. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Akiachwa, weupe wa jicho hukauka na kuota madoa kama povu, mara nyingi upande wa sikio. Kisha kioo cha jicho, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, hulainika na kutoboka. Kutoona usiku hurekebika ndani ya siku chache mtoto akipewa dozi sahihi. Kovu la kioo cha jicho haliondolewi na chakula chochote.

Hasara haiishii machoni. Daktari Alfred Sommer na wenzake walichapisha mwaka 1986 matokeo ya utafiti wao huko Aceh, Indonesia: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi moja katika vijiji vilivyopewa vitamini A. Mtoto asiyeona magharibi ni mtoto ambaye mwili wake umepungukiwa na kinga dhidi ya surua na kuhara pia.

Sasa kiasi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji mikrogramu 300 za vitamini A kwa siku, wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 400, na wa miaka 9 hadi 13 anahitaji 600. Yai moja lina kama 75. Nusu kikombe cha viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa, kinamtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Tunasisitiza rangi ya ndani: kiazi chenye ganda jekundu na nyama nyeupe hakina msaada huo. Maini ya ng'ombe yana vitamini nyingi kuliko vyote. Kipande cha gramu 30 kilichopikwa kina zaidi ya mikrogramu 2,000, na kwa mtoto mdogo kipande hicho kimoja kwa wiki kinatosha. Ini la mtoto mwenyewe huhifadhi ziada na kuitoa kidogo kidogo, ndiyo maana si lazima vyakula hivi viliwe kila siku.

Kinachoharibika zaidi ni upishi. Karoti, maboga, maembe, mapapai na mboga za majani za kijani kibichi zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na karotini haifyonzwi bila mafuta. Mtoto anayekula mboga zilizochemshwa kwa maji matupu hufaidika kidogo sana. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia katika mlo wake kinatosha. Karoti ikwaruzwe au ipikwe hadi ilainike, maana ikimezwa vipande vipande karotini hubaki imefungwa ndani ya nyuzi na kutoka hivyo hivyo. Mboga zipikwe kwa dakika chache, sufuria ikiwa imefunikwa. Na anayekausha mboga azianike kivulini. Jua kali huila karotini, na majani yaliyofifia rangi yamekwisha poteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Wapo watoto wanaolishwa vizuri na bado wanapungukiwa. Minyoo na kuhara huzuia ufyonzaji. Upungufu wa protini na zinki huifanya vitamini ikwame kwenye ini isifike machoni. Surua humaliza akiba kwa muda mfupi. Kwa hiyo mtoto mwenye surua apelekwe kituo cha afya apewe vitamini A siku mbili mfululizo, hata kama alikuwa anakula karoti kila siku. Kwa mtoto mchanga, maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano, ndiyo chanjo ya macho yake. Yasikamuliwe na kumwagwa.

Tahadhari moja kwa wazazi wenye bidii: maini, mafuta ya ini la samaki na matone ya vitamini visijumlishwe kwa mtoto mmoja. Vitamini A ikizidi huleta maumivu ya kichwa, kutapika, ngozi kubanduka na maumivu ya mifupa. Karotini ya mboga haina sumu hiyo. Ikizidi hugeuza viganja kuwa vya manjano tu. Tazameni weupe wa macho: ukibaki mweupe, ni karoti. Ukiwa wa manjano, hiyo ni dalili ya ugonjwa, huenda wa ini, na hospitali haisubiri.

Samaki wenye mafuta na kiini cha yai vinasaidia retina pia, ila mtoto anayekula mlo mchanganyiko hahitaji vidonge vya mafuta ya samaki.

Mgeni rasmi, dawa ya pili ya asili ni mwanga wa nje. Ndani ya darasa mwanga kwa kawaida hauzidi luksi 500, luksi ikiwa kipimo cha mwanga. Nje mchana hupita 10,000, hata kivulini hupatikana maelfu. Mwanga huo huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, nayo hupunguza kasi ya jicho kurefuka. Jicho likirefuka kupita kiasi ndipo mtoto anaposhindwa kuona mbali. Katika majaribio yaliyofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015, shule zilizoongeza dakika 40 za kuwa nje kila siku zilipata, baada ya miaka 3, watoto wapya wasioona mbali wapatao 30 kati ya 100, dhidi ya 40 katika shule nyingine. Lengo ni saa 2 kwa siku kwa jumla. Kuwa nje huzuia tatizo kuanza zaidi kuliko kunavyolitibu likishaanza.

Hapa tunaomba kusema kwa uchungu. Chakula kinaingia mdomoni; zaidi ya maji safi, hakuna kinachopaswa kuingia jichoni bila mhudumu kukiagiza. Utomvu wa majani, asali, maziwa ya mama, mkojo: vyote ni vya asili, na vyote vinaweza kupeleka vijidudu au kemikali kwenye kioo cha jicho na kukichimba kidonda ndani ya siku chache. Kinachofaa jichoni kwa asili ni maji safi, na hasa usoni. Uso unaooshwa hauna makamasi wala tongo za kuwavuta inzi wanaosambaza trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha, na taulo ya kila mtoto iwe yake.

Wala karoti haiondoi haja ya miwani. Si kweli kwamba miwani hulegeza macho. Mtoto mwenye jicho vivu atibiwe mapema, ikiwezekana kabla ya miaka 7, kwa sababu ubongo ukishazoea kulipuuza jicho hilo ni vigumu kuurudisha. Na mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha au gizani ipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa saratani.

Kwa hayo tunaomba mambo manne. Ratiba ya shule iongezwe dakika 40 za nje kila siku. Mabomba ya maji na sabuni yawekwe karibu na madarasa. Jiko la shule lipangiwe mafuta kwa kila sufuria ya mboga. Na kila darasa lipimwe macho mara moja kwa mwaka: chati ya herufi ukutani penye mwanga, mtoto mita 6, jicho moja moja, lingine likifunikwa kwa kiganja, maana watoto huchungulia katikati ya vidole, na bila kulibonyeza. Asiyesoma mstari wa 6/12, yaani ule ambao mwenye macho mazima huusoma akiwa mita 12, au anayetofautiana mistari miwili kati ya macho yake, apewe barua ya kwenda kliniki, na mwalimu aandike tarehe aliyorudi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.