Somo la dimensia Jumanne usiku

Assalaam alaykum madaktari wa Wete, Chake na Mkoani. Somo letu la mtandaoni ni Jumanne saa 3 usiku, Isha itakuwa ishasaliwa. Tutakaa zaidi kwenye IDEA, kipimo cha kuchunguza dimensia (maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), kilichotengenezwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro: bibi asiyepita skuli haambiwi achore saa kama kwenye vipimo vingine, anapanga njiti za kibiriti kufuata umbo aliloonyeshwa. Kwa hilo tu mimi nakipenda.

Kabla hamjaandika dimensia, angalieni thairoidi (tezi ya shingoni), vitamini B12, sonona na dawa anazomeza mgonjwa. Mwanawe akisema "uzee tu huo, daktari", muulizeni lini mzee wake alianza kupotea njia ya msikitini.

Kila mmoja aje na kisa kimoja, bila jina la mgonjwa. Mtandao ukisumbua zimeni kamera, sauti inatosha.